Shafti ya fimbo ya biliadi inayumba au inatoka na alama kwenye kerezo: tafuta chanzo kabla ya kununua chaki nyingine

Shafti ni ile nusu ya mbele ya fimbo ya biliadi, inayobeba feruli (ile pete inayovikwa mwishoni mwa mti) na ncha ya ngozi. Kuikata ni rahisi. Kuishika ndiko kazi ilipo. Ina urefu wa inchi 29 hivi, karibu milimita 737. Kwenye kiungo, pale inapofungwa na nusu ya nyuma, kipenyo chake ni milimita 21.5 hivi, na kwenye ncha ni 12 hadi 13. Fimbo za snuka hushuka hadi 9 au 10. Ni mti, kwa hiyo taya za chuma huuachia alama. Ni ndefu na nyembamba, kwa hiyo kosa dogo la kwenye chaki (si ile ya kupaka nchani, bali kifaa chenye taya kinachobana kazi kwenye kerezo, mashine ya kukereza) hukua kadiri unavyoelekea nchani. Tena imechongoka, na hili la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi.

Chukua shafti ambayo milimita 300 za mbele zina kipenyo karibu kilekile cha 13, kisha inanenepa hadi 21.5 kwenye kiungo. Nenepo hilo la milimita 8.5 limegawanywa kwenye milimita 437, yaani karibu 0.0195 kwa kila milimita moja ya urefu. Taya yenye urefu wa milimita 30 ikiibana karibu na kiungo, upande mmoja wa taya unakuta mti mnene kuliko upande wa pili kwa karibu milimita 0.58. Taya zimenyooka, mti haukunyooka. Kwa hiyo chuma kinagusa ukingo mmoja tu, upande wa pili una nafasi ya milimita 0.29 kila upande, na shafti iko huru kuinama. Hapo hata chaki ya gharama kubwa kuliko zote itaonekana mbovu, na mti utatoka na vidonda vitatu kwenye mstari mmoja.

Ndiyo maana nasisitiza hivi: shafti ishikwe sehemu mbili zilizo mbali, na kati ya chuma na mti pawe na kitu laini kilichokerezwa kwa umbo la mti wenyewe. Ukishapata hayo mawili, tofauti kati ya chaki na chaki inapungua sana. Usipoyapata, hakuna idadi ya taya itakayokuokoa.

Kabla ya kulaumu chochote: nani anayumba?

Utahitaji geji ya saa (kipimo chenye mshale unaoonyesha sehemu ndogo za milimita) yenye kishikio cha sumaku, pamoja na kipande cha chuma cha duara kilichosagwa kwa usahihi. Fimbo ya chuma ya kawaida kutoka dukani haifai kwa kupimia, maana yenyewe inaweza kuwa imepinda.

Funga kile chuma kwenye chaki, weka geji karibu na taya, zungusha kwa mkono, andika mshale umetembea kiasi gani. Kumbuka kwamba mwendo mzima wa mshale ni mara mbili ya umbali ambao kazi, yaani kitu kilichobanwa, imetoka kwenye senta. Mshale ukitembea milimita 0.10, senta imehama 0.05. Sasa sogeza geji milimita 150 mbali na taya, upime tena. Namba hizi mbili zinakueleza mengi. Zikilingana, kazi imehama kwa usambamba. Ya mbali ikiwa kubwa zaidi, kazi imeinama.

Ukimaliza na chuma, weka shafti. Tia alama ya penseli pale mshale unapopanda juu zaidi. Legeza, geuza shafti nusu mzunguko ndani ya taya, funga tena, upime. Alama ya penseli ikiwa bado ndiyo sehemu ya juu, shafti yenyewe imepinda au si duara. Sehemu ya juu ikibaki kwenye taya ileile ingawa shafti imegeuka, kosa liko kwenye chaki au nyuma yake. Ikiangukia mahali pa tatu kabisa, pengine yako yote mawili, au kubana kwako hakurudii hali ileile, na nitalifikia hilo.

Jihadhari na geji yenyewe. Spiringi yake inaweza kuusukuma mti mwembamba unaoning'inia. Tumia mguu bapa badala ya ncha ya mviringo, maana ncha huingia kwenye vinyweleo vya mti na kukupa mshale unaocheza bila sababu.

Inayumba kiasi kilekile karibu na mbali

Hili ndilo kosa la chaki halisi, na ndilo jepesi kurekebisha. Chaki ya taya tatu inayojisawazisha ina skroli, ile sahani ya ndani yenye mfereji unaozunguka na kusogeza taya zote pamoja. Chaki nzuri ya aina hii ikiwa mpya mara nyingi bado huwa na mwendo wa mshale wa 0.05 hadi 0.08. Hilo ni jambo la kawaida, wala usiirudishe dukani kwa sababu hiyo.

Ikizidi hapo, anza na uchafu. Toa chaki kwenye spindeli, ule mhimili wenye tundu unaoizungusha, futa nyuso zote zinazokutana, pitisha kidole kutafuta kinundu. Chembe moja ya chuma iliyonaswa nyuma ya sahani ya chaki inatosha kuharibu kila kitu. Toa taya, safisha skroli kwa brashi, zirudishe kwa kufuata namba zake: taya ya 1 kwenye mfereji wa 1, kisha ya 2, kisha ya 3. Zikipishana, kuyumba kutaonekana hata kwa macho.

Bado? Pima spindeli yenyewe, geji ikigusa ndani ya mchongoko wake. Spindeli ikiwa safi na chaki ikiyumba, basi chaki ndiyo yenye kosa, na hapa ndipo aina ya chaki inapoanza kuwa na maana. Ile yenye skrubu nne za pembeni zinazosukuma mwili wake juu ya sahani ya nyuma inaweza kusawazishwa: legeza kidogo bolti za kuifunga, sukuma kwa skrubu huku unatazama geji, kaza tena. Dakika chache tu, na kwa kipenyo kile ulichopimia mshale unaweza kuteremka chini ya 0.02. Sema tu kwamba usawa huo ni wa kipenyo hicho. Ukihamia kipenyo kingine skroli huleta kosa lake upya, kwa hiyo sawazisha kwa kipenyo cha bushi (vile vikoba vya plastiki vinavyokaa kati ya taya na mti) unazotumia kila siku.

Chaki isiyo na skrubu hizo nayo ina njia. Mara nyingi sahani ya nyuma huwa na ukingo unaoingia kwenye chaki kwa kubana. Ukikereza ukingo huo upungue milimita 0.2 hadi 0.3, unapata nafasi ya kuigongagonga chaki kwa nyundo laini hadi ikae kwenye senta, kisha ukaze bolti. Watu wengi hufanya hivyo na inafanya kazi, ingawa inaweza kuhama ukipata kishindo kikubwa.

Karibu na taya ni sawa, mbali inayumba

Hii ndiyo dalili ya shafti kuliko zote. Sababu ya kwanza nimeshaieleza: mchongoko. Sababu ya pili ni taya zilizochakaa na kufunguka mdomoni, zikawa zinabana kwa nyuma tu. Ziangalie hivi: kata vipande vitatu vya karatasi nyembamba, weka kimoja chini ya kila taya sehemu ya mbele, bana kile chuma cha kupimia, kisha vuta karatasi. Ikitoka bila kupambana, mdomo wa taya haugusi. Rudia kwa nyuma. Taya za namna hiyo zinaweza kusagwa upya zikiwa ndani ya chaki, zikiwa zimekazwa kwa nguvu dhidi ya pete, ili mvutano wa skroli uwe uleule wa kazini.

Taya zikiwa nzima na bado mbali panayumba, usijaribu kukaza zaidi. Unachokosa ni mshiko wa pili. Kama unafanya kazi kwenye ncha, shafti imepita ndani ya spindeli na kiungo kimetokeza nyuma, basi mshiko wa pili uko nyuma ya spindeli: chaki ndogo ya pili, au pete yenye bolti nne zenye vichwa vya nailoni zinazosukuma kuelekea senta. Mafundi wanaotengeneza fimbo kila siku huwa na chaki mbili kwenye spindeli moja kwa sababu hiyo hasa. Kwanza sawazisha mbele kwa geji, kisha nyuma, kisha rudi mbele, maana kusogeza huku kunagusa kule. Mara mbili tatu inatosha.

Kama kazi iko kwenye uso wa kiungo, shafti imegeuzwa, ncha iko ndani. Hapo nyuma ni mti wa milimita 13 unaocheza ndani ya tundu pana, na ni rahisi kusahau kuushika. Bushi ya plastiki yenye tundu la kipenyo hicho, inayokaa vizuri nyuma ya spindeli, inamaliza tatizo.

Kuna na njia ya kushika kwa hesi ya kiungo: unakereza chuma chenye hesi ileile ya pini, ile skrubu ya kuunganisha nusu mbili za fimbo, unakifunga kwenye shafti, na chuma hicho ndicho kinachobanwa na chaki. Hakuna alama kabisa kwa sababu hakuna taya inayogusa mti. Lakini kinacholeta unyoofu ni bega la chuma kukaa bapa kwenye uso wa kiungo, hesi inavuta tu. Uso ukiwa haujakatwa mraba, shafti itainama kila mara na utadhani chaki ina kosa. Pima uso kwanza.

Kila nikifunga naona namba tofauti

Kosa linalohamahama linachosha, kwa sababu leo unalirekebisha na kesho limerudi. Tazama ufunguo. Chaki nyingi za taya tatu zina matundu matatu ya ufunguo, na kukaza kwa tundu tofauti kunaisukuma skroli upande tofauti. Chaki nyingine huwa na alama kwenye tundu moja. Isipokuwa na alama, jaribu yote matatu kwa chuma cha kupimia, chagua lile linalotoa namba ndogo, lipake rangi, na ulitumie hilo daima kwa mkazo wa mwisho.

Tazama tepu. Tepu ya karatasi inayozungushwa kwenye shafti ili kuzuia alama ina unene wa takriban milimita 0.13 hadi 0.15, na pale ncha zake zinapopandana unene ni maradufu. Taya moja ikiangukia kwenye mpandano, umeshahamisha senta. Mimi tepu naikubali kwa kung'arisha au kupaka nta, siikubali kwa kukata feruli. Vipande vya ngozi ni vibaya zaidi, kwa sababu ngozi haina unene mmoja na inaendelea kubonyea wakati wa kazi.

Halafu tazama mti wenyewe. Mepu ngumu, mti unaotumika zaidi kwa shafti, inapokauka kutoka mbichi kabisa husinyaa karibu asilimia 4.8 kuelekea katikati ya gogo na karibu asilimia 9.9 kufuata pete za ukuaji. Kwa hiyo unyevu ukibadilika baada ya kukereza, duara linageuka yai. Kwa hesabu ya karibu, unyevu wa mti ukishuka kwa pointi 4, shafti ya milimita 13 inaweza kutofautiana karibu 0.09 kati ya upande na upande. Taya tatu zikibana yai, senta itategemea zimeangukia wapi. Pima vipenyo viwili vinavyokingamana kwa maikromita. Vikitofautiana, chaki haina kesi ya kujibu.

Alama za taya

Alama zina sura, na sura inasema chanzo. Mistari mitatu mifupi yenye kina upande mmoja na kufifia upande wa pili ni mchongoko. Mistari mitatu iliyo sawa kwa urefu wote ni kukaza kupita kiasi, au taya zenye ukingo mkali. Pete inayong'aa au kuwa nyeusi kuzunguka shafti ni kuteleza. Mikwaruzo midogo isiyo na mpango ni vumbi na chembe za chuma zilizobaki kwenye bushi au koleti (kishikio cha duara kilichopasuliwa kinachojikunja na kubana pande zote), na hapo dawa ni kupuliza na kufuta kila unapofunga.

Kwa mistari, tengeneza bushi. Nitaeleza hii kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayobadilisha kazi.

Chukua kipande cha plastiki ya asetali, ile inayojulikana sana kwa jina la Delrin, kipenyo cha milimita 40 na urefu wa 50 hivi. Kifunge kwenye chaki utakayotumia, na utie alama ya kudumu mahali taya ya 1 inapogusa. Bila kukitoa, kereza bega dogo mbele ili kisiweze kuzama ndani, toboa, kisha panua tundu kwa kisu hadi lizidi kipenyo cha mti kwa milimita 0.1. Kwa sehemu ya karibu na feruli, ambako shafti imenyooka, tundu lililonyooka linatosha. Kwa karibu na kiungo, tega kitelezi cha juu kwa pembe ya mchongoko: kwa shafti ya mfano wetu ni takriban digrii 0.56 kwa upande. Pima mchongoko wa shafti yako mwenyewe kabla ya kutega, kwa maana shafti hazifanani. Chukua vipenyo viwili vilivyoachana kwa milimita 50, toa kile kidogo kwenye kile kikubwa, gawanya kwa 50, na una mchongoko wa kila milimita.

Kisha toa bushi, ipasue upande mmoja kwa msumeno mwembamba, na ukate mifereji miwili mitatu isiyofika mwisho ili ijikunje sawasawa pande zote. Lainisha kingo zote za ndani kwa msasa. Kila unapoitumia, irudishe ile alama kwenye taya ya 1. Kwa kuwa tundu lilikatwa ndani ya chaki hiyohiyo, kosa la skroli lilikuwa tayari ndani yake na limekatwa pamoja nalo. Ndiyo maana chaki ya kawaida yenye 0.08 inaweza, kwa bushi yake yenyewe, kushika shafti kwa 0.02 au 0.03. Bushi ya chaki moja usiihamishie kwenye chaki nyingine.

Badala ya bushi unaweza kutumia taya laini za alumini au nailoni, zinazofungwa juu ya taya za msingi na kupanuliwa zikiwa mahali pake. Zikaze dhidi ya pete wakati wa kuzipanua, la sivyo mvutano utakuwa wa kinyume na usawa utapotea utakapobana kazi. Ni nzuri sana, ila zinahitaji chaki ambayo taya zake zina vipande viwili. Uliza hilo kabla ya kununua.

Na alama iliyokwisha kutokea? Kama nyuzi za mti zimebonyea bila kukatika, kitambaa chenye maji na pasi ya moto kwa sekunde chache huzivimbisha zikarudi. Vanishi ya mahali hapo lazima iondolewe kwanza, kwa sababu mvuke haupiti. Subiri mti ukauke kabisa kabla ya kupitisha msasa, vinginevyo utasaga nundu ambayo ingeshuka yenyewe na kubakiza shimo. Nyuzi zilizokatika hazirudi.

Inateleza kisu kikigusa

Wengi hapa hukaza zaidi, na ndipo alama zinapozaliwa. Kazi ya feruli na ncha haihitaji nguvu. Noa kisu, kata 0.1 hadi 0.2 kwa mara, na mzigo utashuka. Futa nta na mafuta ya mikono kwenye shafti, kwa sababu asetali yenyewe ni plastiki telezi. Refusha bushi kabla ya kuongeza mkazo: eneo likiwa mara mbili, mti unabeba mkazo mkubwa zaidi bila kuumia. Na unapotoboa uso wa kiungo, pasipo na nafasi ya senta ya nyuma, keekee iliyo butu ndiyo mkosaji wa kwanza.

Kwa koleti, kuteleza mara nyingi maana yake ni saizi. Koleti za ER (jina la aina moja ya koleti, namba yake ikiwa ni saizi) kubwa hujifunga kwa milimita 1 tu, kwa mfano 22 hadi 21. ER32 huishia milimita 20, kwa hiyo kiungo cha 21.5 hakiingii; ER40 hufika 26. Koleti ya ER40 ina urefu wa milimita 46, na kwa mchongoko wa mfano wetu mti unabadilika karibu 0.9 ndani ya urefu huo, karibu uwezo wake wote. Itabana mwisho mmoja. Kwenye sehemu iliyonyooka karibu na feruli, hata hivyo, koleti ni starehe: inakumbatia pande zote, haina taya za kupiga vidole, na alama ni nadra. Hakikisha mti unajaza angalau theluthi mbili za koleti. Koleti za 5C, aina nyingine, hupokea hadi inchi 1 na 1/8, ila kila moja ni ya saizi moja kwa tofauti ndogo mno, jambo linalofaa chuma kilichosagwa kuliko mti. Zile za 5C za nailoni au shaba ya manjano zinazouzwa na tundu dogo ili upanue mwenyewe zinafaa vizuri, kwa sababu zinageuka kuwa bushi.

Mkia unapiga nyuma ya mashine

Zima mara moja. Shafti inayotokeza nyuma ya spindeli bila kushikwa inaweza kujikunja ghafla kasi ikipanda, na ikishaanza kujikunja haijirudi yenyewe: inavunjika au inampiga mtu. Shika nyuma kama nilivyoeleza, anza kwa kasi ya chini, na panda taratibu. Asisimame mtu upande huo hata mkia ukiwa umeshikwa.

Shafti haipiti ndani

Pima matundu mawili: la spindeli na la chaki. Kerezo ndogo za mezani mara nyingi zina tundu la spindeli la milimita 20 hivi, na kiungo hakipiti. Chaki za taya tatu za milimita 100 kwa kawaida zina tundu la 22 hivi. Kiungo cha 21.5 kinapita kwa tabu, na bushi haina pa kukaa. Za 125 huwa na takriban 30, za 160 takriban 40. Ikiwa utashughulikia na kitako cha fimbo pia, ambacho hufika milimita 32 na zaidi, tafuta spindeli ya inchi 1 na 3/8 au 1 na 1/2.

Mashine ikiwa ni ndogo, usihangaike kupanua spindeli. Shika kiungo kwa kile chuma chenye hesi, na uegemeze upande wa feruli kwenye stedi, yaani kishikilizi kinachofungwa juu ya kitanda cha mashine. Vidole vya stedi visiguse mti: ingiza shafti kwenye bushi ya plastiki, bushi kwenye beringi, beringi kwenye stedi. Ni mpangilio mrefu, lakini usahihi wake haupungui chochote.

Feruli ilikuwa duara, nilipolegeza ikabadilika

Umebana feruli yenyewe. Taya tatu hukandamiza ukuta mwembamba kwenye pointi tatu, kisu kinakata duara, ukilegeza ukuta unarudi na kuacha pembe tatu za mviringo. Bana mti nyuma ya feruli, ukiacha feruli na milimita 25 hadi 30 tu nje ya taya.

Shafti za kaboni zina tahadhari ya aina hii pia. Ni bomba lenye ukuta mwembamba, na taya ya chuma inaweza kulipasua ndani bila ufa kuonekana nje. Bushi ndefu au koleti tu, mkazo wa vidole viwili kwenye ufunguo. Vumbi lake lifyonzwe pale pale kisu kilipo, na uvae barakoa.

Kama baada ya haya yote bado unanunua

Chaki ya taya nne zinazojitegemea ndiyo ya bei nafuu inayoweza kufika 0.01, ukiwa na geji na subira. Kila shafti inasawazishwa upya, na kila taya inabana kwa skrubu yake, kwa hiyo ni rahisi kuumiza mti bila kujua. Iwekee pedi za plastiki. Inafaa kwa anayetengeneza shafti chache. Kwa ukarabati wa kila siku inachosha.

Taya sita zinagawanya nguvu kwenye sehemu sita, na kwa kitu chembamba kilicho duara hazina mpinzani. Kwa mti ulio yai kidogo, taya mbili zinaweza zisiguse kabisa, na faida yote ikapotea. Ningechukua taya sita endapo tu ina skrubu za kusawazisha, na bado ningetumia bushi.

Chaguo langu kwa karakana ya fimbo ni taya tatu ya milimita 125 au 160, yenye skrubu za kusawazisha na taya za vipande viwili, pamoja na seti ya bushi na kishikilizi cha nyuma ya spindeli. Ukiwa na fedha za ziada, ongeza chaki ya koleti ya ER40 kwa kazi za feruli.

Ukikuta iliyotumika, nenda na kile chuma cha kupimia, karatasi nyembamba na kalipa. Zungusha ufunguo kutoka wazi kabisa hadi kufunga kabisa: pasiwe na mahali panapokaza na pengine panapolegea, maana huko ndiko skroli ilikoliwa. Soma namba kwenye kila taya ulinganishe na ya kwenye mwili, kwa sababu taya za chaki nyingine hukubali kuingia na hazikubali kukaa kwenye senta. Vuta karatasi kwenye midomo ya taya. Angalia kama taya za nje zipo. Pima tundu la katikati hadi nyuma kabisa, pamoja na sahani ya nyuma, kwa kuwa wakati mwingine sahani ndiyo yenye tundu dogo, na hiyo unaweza kuipanua mwenyewe.